Sadaka Iliyo Yetu na Sadaka Isiyo Yetu



Katika Maandiko Matakatifu zimo habari mbili juu ya sadaka, ambazo kwa kawaida hatuzisomi pamoja. Ya kwanza ni ile ya mfalme Daudi katika uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi. Daudi alitaka kujenga madhabahu mahali pale. Arauna, kwa heshima yake kwa mfalme, akataka kumpa bure uwanja, na ng'ombe, na kuni. Daudi akakataa. Alitambua kwamba sadaka isiyomgharimu mtoaji si sadaka. Akalipa fedha, ndipo akamtolea Mungu.

Habari ya pili imo katika Injili ya Marko, sura ya saba. Bwana wetu anawakemea watu waliokuwa na desturi ya kutamka neno Korbani juu ya mali zao, yaani kuziweka wakfu kwa Mungu, na kwa neno hilo wakajiona wamefunguliwa wasiwasaidie tena baba zao na mama zao. Watu hao walitoa sadaka, tena kubwa. Lakini sadaka yao ililipwa kwa njaa ya mzee aliyekaa nyumbani. Hao walimtolea Mungu kitu ambacho Mungu mwenyewe alikuwa amekwisha kukiagiza kwa mtu mwingine.

Leo napenda tuzitazame habari hizi mbili katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Charles Thomas Studd. Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860, akafa tarehe 16 Julai 1931 huko Ibambi, karibu na Wamba, katika Kongo ya kaskazini mashariki. Kaburi lake liko katika nchi hiyo ambayo sisi wa Kigoma huitazama kila jioni jua linapotua nyuma ya milima ya ng'ambo, ingawa Ibambi iko mbali kaskazini, kupita ikweta. Na kabla hajawa mhubiri, alikuwa mchezaji wa kriketi.

Sisi hapa ni watu wa kandanda, basi niueleze mchezo huo kidogo. Kriketi huchezwa na timu mbili za watu 11. Mmoja hurusha mpira mgumu akivilenga vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini. Mpinzani wake huvilinda vijiti hivyo kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira ukaenda mbali, hukimbia yeye na mwenzake kutoka ncha moja ya njia hadi ya pili, na kila mkimbio huhesabiwa na kuandikwa daftarini. Hakuna anayesahauliwa katika daftari hilo. Aliyepata mikimbio 100 huandikwa, na aliyetoka patupu huandikwa pia.

Studd alikuwa mtoto wa tajiri. Baba yake, Edward Studd, alipata mali kwa mashamba ya nili huko Bara Hindi, akarudi Uingereza kufuga farasi wa mashindano. Miaka ya 1870 mzee huyo aliguswa na mahubiri ya Mmarekani Dwight Moody mjini London, akaacha mashindano ya farasi, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kuhubiriwa neno la Mungu. Wanawe watatu, George, Charles na Kynaston, walisoma Cambridge, na kila mmoja kwa zamu yake akawa nahodha wa kriketi wa chuo kikuu hicho: George mwaka 1882, Charles mwaka 1883, na Kynaston mwaka 1884.

Mwezi Agosti 1882 Charles, kijana wa miaka 21, aliichezea Uingereza dhidi ya Australia mjini London. Waingereza walihitaji mikimbio 85 tu ili washinde. Studd, ambaye msimu ule alikuwa ameipigia timu hiyo ya Australia mikimbio zaidi ya 100 mara mbili katika mechi nyingine, aliwekwa karibu na mwisho wa orodha. Wenzake wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Alipoingia uwanjani, mwenzake wa mwisho akatolewa kabla yeye hajarushiwa hata mpira mmoja. Uingereza ikashindwa kwa mikimbio 7. Gazeti moja la London likatangaza kwa dhihaka kwamba kriketi ya Uingereza imekufa na majivu yake yatapelekwa Australia. Majira yaliyofuata Studd alikuwa miongoni mwa wachezaji waliokwenda Australia chini ya nahodha Ivo Bligh, wakashinda. Bligh akapewa chombo kidogo cha udongo, na hata leo timu za nchi hizo mbili hushindana kwa ajili ya majivu hayo. Jina la Studd limo katika maneno yaliyobandikwa kwenye chombo hicho, na Waingereza wa siku zake walilifahamu vema.

Ndugu zangu, sasa tazameni sadaka ya kwanza. Kaka yake George aliugua sana, akawa karibu na mauti. Charles alikaa kando ya kitanda chake, akajiuliza sifa zote za uwanjani zinamfaa nini mtu aliyefikia mlango wa kaburi. George alipona, lakini swali lile halikumwacha Charles. Tarehe 5 Februari 1885 yeye na wenzake sita, vijana waliojulikana kama Saba wa Cambridge, waliondoka Uingereza kwenda China kuhubiri Injili. Alikuwa na miaka 24. Mchezaji wa umri huo miaka yake bora bado iko mbele. Sifa ile ilikuwa yake mwenyewe, naye aliiacha kabla haijachakaa.

Sadaka ya pili ni fedha. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na kwa wosia wake Charles alistahili kupata urithi atakapofikia miaka 25. Habari zilimfikia huko China kwamba fungu lake lilikuwa karibu pauni 29,000, mali kubwa sana kwa siku zile. Akaamua kuigawa yote. Mwezi Januari 1887 akaandika hundi nne za pauni 5,000 kila moja: moja kwa kazi ya Moody, moja kwa George Müller aliyewalea mayatima mjini Bristol, moja kwa maskini wa Whitechapel mjini London, na moja kwa Jeshi la Wokovu huko Bara Hindi. Nyingine zikafuata. Mwisho zikabaki pauni 3,400. Mwaka 1888 alipokuwa akimwoa Priscilla Stewart, binti Mwairishi aliyekuwa mmisionari China, alimpa fedha hizo zilizobaki. Naye Priscilla akamkumbusha yule kijana tajiri wa Injili aliyeambiwa auze vyote. Wakazitoa nazo pia, wakaanza maisha ya ndoa mikono mitupu.

Hapa naomba tutulie kidogo. Nani alizitoa zile pauni 3,400? Ni mke. Charles hakumwamulia. Alimpa zikawa zake, na yeye kwa hiari yake akazitoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo ulikuwa wa watu wawili, na kila mmoja alitoa cha kwake.

Baada ya China, ambako afya yao iliharibika, walikaa Uingereza, kisha tangu 1900 hata 1906 wakawa Bara Hindi. Charles alikuwa na pumu iliyomnyima usingizi. Mwaka 1908, akiwa mjini Liverpool, aliona tangazo la mhubiri mmoja aliyezunguka Afrika akaona maeneo yasiyofikiwa na Injili. Madaktari wakamkataza kusafiri. Hakusikia. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri na kijana Alfred Buxton kupitia Mombasa, Nairobi na Uganda, wakavuka kwenda Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, wakafika Niangara. Baadaye makao yake yakawa Ibambi.

Na huko Kongo alitoa sadaka ya tatu, ambayo yatuhusu sana sisi wa pwani hii. Mtu huyu aliyesoma Cambridge aliketi chini ajifunze Kiswahili cha Kongo, kiitwacho Kingwana. Lugha hiyo ilifikaje kule? Ilipita hapa kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipitia Tabora ikafika Ujiji, ikavuka ziwa kwenda Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema, na kutoka huko ikaenea kaskazini. Wafuasi wa wafanyabiashara hao walijiita waungwana, na kutokana na jina hilo lugha yao ikaitwa Kingwana. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, ikabeba na watu waliofungwa minyororo. Katika njia ile ya machozi lugha ilisafiri pia, na Wakongo wakaifanya kuwa yao. Wasomi wengi waliidharau, wakasema ni Kiswahili kilichovunjika. Studd hakuwalazimisha watu wajifunze kwanza lugha safi ndipo wamsikie Kristo. Alitafsiri Agano Jipya lote katika lugha ile waliyozungumza sokoni na shambani, na Zaburi pia. Aliifanya kazi hiyo mzee na mgonjwa, usiku mwingi bila usingizi, akaikamilisha kabla ya kufa. Mtu msomi akikubali kusema kama mtoto mbele ya watu ili wamwelewe, anatoa fahari yake. Fahari nayo ni mali, tena ni mali ngumu kutoa kuliko fedha.

Hadi hapo, ndugu zangu, twamwona mtu wa uwanja wa Arauna. Sifa, urithi, afya na fahari: vyote vilikuwa vyake, na vyote vilimgharimu yeye.

Lakini hatuwatendei haki marehemu tukisimulia nusu ya habari zao. Iko nusu ya pili, na inauma.

Charles alipokwenda Kongo mwaka 1913, mke wake alikuwa mgonjwa wa moyo. Baadaye alirudi Uingereza kwa muda, na mwaka 1916 akaondoka tena, asirudi kamwe. Priscilla alibaki. Mama huyo aliinuka kutoka katika ugonjwa wake, akawa nguzo ya misheni huko nyumbani: akaandika barua, akakusanya misaada, akawatia moyo vijana waende Afrika. Miaka 12 ikapita. Mwaka 1928 alisafiri hadi Kongo, akakaa na mumewe muda wa wiki mbili tu, kisha akaondoka. Mwezi Januari 1929 akafa. Tangu 1916 hata kifo chake, wiki hizo chache ndizo pekee walizoonana.

Wenzake wa kazi nao walionja ukali wake. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwa saa nyingi sana kila siku, akadhani kila mtu aweza na kila mtu yampasa. Aliyetaka kupumzika alionekana kuwa na moyo vuguvugu. Maumivu ya mwili yalimfanya atumie mofini, na jambo hilo likaleta manung'uniko. Wamisionari kadhaa waliondoka ama waliondolewa. Miongoni mwa walioachishwa walikuwamo binti yake mwenyewe Edith pamoja na mumewe, yule Alfred Buxton aliyevuka naye msitu mwaka 1913. Kamati ya misheni huko Uingereza ikafarakana naye, na alipokufa jeraha hilo lilikuwa bado bichi.

Je, tumhukumu? Hukumu ni ya Mungu, na kanisa aliloliacha kule msituni liliendelea kuwapo baada yake. Priscilla naye hatuwezi kumwita mtu aliyenyang'anywa tu, kwa maana alikuwa na mwito wake na aliutimiza kwa ushujaa. Lakini kujifunza twaweza, na kwa kweli yatupasa. Kijana yule wa 1888, aliyempa mkewe fedha na kungoja aamue mwenyewe, alijua jambo ambalo mzee wa Ibambi alielekea kulisahau. Alijua kwamba mtu akitaka kumtolea Mungu kitu cha mwenzake, hana budi kwanza amwulize mwenye nacho.

Mtu mwenye bidii huzoea gharama. Amejinyima mara nyingi hata hasikii tena uchungu wa kujinyima. Basi bila kukusudia huanza kuwanyima na wengine, akidhani ni sadaka ile ile. Hapo ndipo uwanja wa Arauna unapogeuka kuwa Korbani, na mwenyewe asitambue, maana maneno ya sala ni yale yale na bidii ni ile ile. Kilichobadilika ni mlipaji.

Makatekista wapendwa, nazungumza nanyi hasa. Nani asiyejua kazi yenu? Mwenda kwa miguu ama kwa baiskeli kutoka kigango hadi kigango, mvua ikinyesha na vijito vikijaa. Mwafundisha watoto, mwawazika wafu, mwaongoza sala Jumapili padre asipofika. Malipo yenu ni kidogo, na pengine hakuna. Kanisa katika nchi hii limesimama juu ya migongo yenu, na Mungu anajua. Lakini mwulizeni mama aliyebaki na jembe peke yake msimu wa kupanda mihogo na maharage. Mwulizeni mtoto ambaye daftari lake halijanunuliwa. Je, walikubali? Je, waliulizwa? Katekista akiketi jioni na mkewe wakapanga pamoja siku za kigango na siku za shamba, sadaka ile huwa ya nyumba nzima. Akiondoka bila neno kila siku huku nyumba ikilegea, hata kama katika safari hiyo amebatizwa mzee mwenye furaha, kuna mtu nyumbani aliyetozwa bila ridhaa.

Na sisi waamini wa parokia tusikae pembeni tukitikisa vichwa. Ikiwa katekista hutoa na mke wake hutoa, nasi tunapokea bure kila Jumapili, basi ni sisi tuliomtoza mke huyo. Debe la mahindi, chupa ya mawese, fungu la dagaa waliokauka vizuri, siku moja ya nguvu kazi katika shamba la katekista: hivyo ni vyetu, na twaweza kuvitoa bila kumwomba mtu ruhusa.

Jambo hili halimhusu katekista peke yake. Mvuvi anayekwenda na taa usiku katika giza la mwezi huhatarisha maisha yake kwa ajili ya nyumba, nayo ni sadaka safi. Lakini akiamua kwamba fedha yote ya usiku huo ni ya kuwaonyesha wenzake ukarimu wake pale mwaloni Kibirizi, watoto wakalala njaa, ukarimu huo umelipwa na matumbo yao. Mama anayetoa mchango mkubwa katika chama afanye hivyo kwa shangwe, lakini asiukope kwa jirani anayeona haya kuudai. Mzazi anayesema mtoto wangu huyu atakuwa padre ama mtawa, na asubiri amsikie mtoto mwenyewe anasema nini.

Tena liko jambo la lugha. Tangu mwaka 1996 wengi wa ndugu zetu wa Kongo walivuka ziwa hili wakikimbia vita, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu na mahali pengine mkoani kwetu. Kiswahili chao ni mtoto wa kile kilichovuka ziwa kutoka Ujiji. Mara ngapi tumekicheka? Mara ngapi msomaji wa Neno amekatazwa kusoma kanisani kwa sababu matamshi yake si ya kwetu? Mgeni yule alikubali kuiacha fahari ya Cambridge ili azungumze Kingwana. Sisi hatutakiwi kuacha mengi kiasi hicho. Twatakiwa tu kuacha kicheko, na hicho ni chetu kabisa, twaweza kukitoa leo.

Basi juma hili, ndugu zangu, kila mmoja wetu anapojiandaa kutoa, iwe ni fedha, iwe ni muda, iwe ni nguvu, na ajiulize maswali mawili. La kwanza ni la Daudi: Je, kitu hiki chanigharimu mimi? La pili ni la Korbani: Je, kuna mwingine anayekilipia bila kuulizwa? Ikiwa jibu la swali la kwanza ni hapana, tuongeze. Ikiwa jibu la swali la pili ni ndiyo, tuiache sadaka yetu kwanza, turudi nyumbani tukazungumze na mwenye haki, kisha ndipo tuje tuitoe. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba aliye mbele ya madhabahu akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, aende kwanza akapatane naye. Madhabahu itamngoja.

Tumwombe Mungu. Ee Baba, uliyemtoa Mwanao, naye Mwanao akakubali kwa hiari yake, utufundishe kutoa tulivyo navyo na kuheshimu walivyo navyo wenzetu. Uwakumbuke makatekista wetu, na wake zao, na watoto wao. Uwakumbuke wote walioieneza Injili yako pande zote mbili za ziwa hili, na uwasamehe pale ambapo bidii yao iliwaumiza wenzao. Utujalie sisi kutoa kwa furaha, pasipo mtu wa kulia nyuma yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.